Taa za kuwaka muda wote kwa picha za sura: mfuko ukiwa mwembamba, ununue nini na uache nini

Kivuli_Laini (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Swali hili halikauki: "Kamera ninayo, lenzi ninayo, nataka taa ya kupigia watu picha ndani, hela ni ya mawazo, ninunue ipi?" Na majibu hayabadiliki: kila mtu anataja taa aliyonayo yeye. Naweka uzi unaoeleza cha kuangalia, ili hata matoleo yakibadilika mtu aweze kusimama mbele ya taa yoyote na kuipima mwenyewe.

Nazungumzia taa unayoiwasha ikabaki inawaka, si flashi. Na nazungumzia picha za sura: mtu mmoja, wakizidi wawili, katika chumba cha kawaida.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili wa kupinga wajiandae: hela kidogo uliyonayo inunue TAA MOJA yenye rangi safi na kitu kikubwa cha kulainishia mwanga wake. Seti ya taa tatu, rimoti, rangi za disko, vyote vikae foleni.

Rangi

Hapa ndipo taa za bei rahisi zinapomwangusha mtu, na ndipo pasiporekebishika. Mwanga ukiwa mdogo utapandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga). Ukiwa mkali utauweka kitambaa mbele. Lakini taa isiyotoa wekundu wa kutosha haiwezi kuuonyesha wekundu wa ngozi, na hakuna programu ya kuhariri itakayorudisha kitu ambacho hakikuingia kwenye kamera.

Kwenye boksi utaona CRI. Ni alama inayofikia 100, inayoeleza taa inavyoonyesha rangi ikilinganishwa na mwanga wa kigezo. Shida ni kwamba alama hiyo ni wastani wa rangi nane, R1 hadi R8, na zote nane ni rangi hafifu, zisizokolea. Nyekundu iliyokolea ni R9, na R9 haimo kwenye wastani! Kwa hiyo balbu ya LED ya kawaida inaweza kujinadi CRI 80 huku R9 yake iko karibu na sifuri. Ngozi ya binadamu, nyeusi au nyeupe, ina damu chini yake, na midomo ndiyo zaidi. Ikipigwa na taa ya namna hiyo, mtu mzima wa afya anatoka kama aliyelala wodini.

Tafuta CRI 95 na kuendelea. R9 ikiandikwa, iwe 90 au karibu na hapo. Wakiandika na TLCI, ambayo hupima taa kwa macho ya kamera za televisheni, vizuri zaidi. Taa isiyoandika chochote kuhusu rangi, mimi naipita.

Jaribio la bure: mweke mtu karibu na dirisha mchana, rekebisha waiti balansi (kamera ijue nyeupe ni ipi) kwa karatasi nyeupe, piga picha midomo yake na kiganja chake kilichofunguliwa. Kisha funga pazia, washa taa unayoijaribu, rekebisha waiti balansi kwa karatasi nyeupe ileile, piga tena. Ziweke mbili hizo sambamba. Kiganja kikigeuka kijivu au kijani kwenye kunja za vidole, taa hiyo rudisha.

Usichanganye CRI na Kelvin. Kelvin inakwambia mwanga ni wa njano au wa buluu: takriban 5600K ni mchana, 3200K ni ile njano ya balbu za tungsteni za studio, na balbu nyingi za sebuleni ziko 2700K hadi 3000K. Taa ya njano inaweza kuwa na rangi safi kabisa. Kinachoharibu ni kuchanganya: taa yako 5600K na balbu ya darini 2700K zikiwaka pamoja, shavu moja linakuwa la chungwa na jingine la buluu. Zima za darini.

Nguvu

Wati ni umeme unaoliwa na taa, hazisemi mwanga unaokufikia. Angalia lux (kipimo cha mwanga unaofika mahali), na uangalie imepimwa umbali gani na ikiwa imevaa nini. Wauzaji wanapenda kupima mita 1, taa ikiwa imevalishwa bakuli la chuma linalokusanya mwanga mahali pamoja. Ukitoa bakuli ukaweka softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) yenye vitambaa viwili, mara nyingi unabaki na robo ya ile namba au pungufu.

Unahitaji kiasi gani? Kwa tundu la lenzi la f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), spidi ya shata 1/125 ya sekunde na ISO 400, usoni kunatakiwa takriban lux 600. Ukiwa na lenzi ya f/1.8, lux 250 zinatosha. Ukitaka f/4 kwa ISO 100, jiandae na lux 5,000, na hapo bajeti inaanza kulia. Kwa hiyo taa iliyoandikwa lux 4,000 kwa mita 1, ikivaa softiboksi ikabaki na 1,000, inakutosha kwa f/2.8 na chenji inabaki. Taa za wati 60 zinaingia hapo bila jasho.

Kamera za miaka ya karibuni kwenye ISO 800 hazina chenga za kumtia mtu aibu. Ogopa picha iliyotikisika, ISO usiiogope.

Ukubwa na umbali

Taa ndogo, hata iwe na CRI 98, inatoa kivuli cha pua chenye makali na inang'arisha paji la uso. Ulaini unatokana na ukubwa wa chanzo cha mwanga *kama uso unavyokiona*. Softiboksi ya sentimita 90 ikiwa karibu mita 1 ni kubwa. Ipeleke mita 3, imekuwa ndogo, na mwanga umeshuka hadi sehemu moja ya tisa. Kanuni ya kuanzia: umbali wa taa na uso ulingane na upana wa softiboksi. Isogeze mpaka ukingo wake uanze kuingia kwenye fremu, halafu irudishe kidogo tu.

Kwa ngozi nyeusi hili lina uzito zaidi, maana uzuri wake kwenye picha unakuja na ule mng'ao unaotambaa kwenye mfupa wa shavu na taya. Chanzo kikubwa kinatandaza mng'ao huo. Kidogo kinaacha doa jeupe.

Sina softiboksi, nifanyeje? Mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga ndio wa bei ya chini kuliko vyote na unafanya kazi nzuri, ila unamwaga mwanga chumba kizima. Au geuza taa iangalie ukuta mweupe ulio karibu na mtu: ukuta wenyewe unakuwa taa yako. Uwe mweupe kweli, ukuta wa krimu utakupaka krimu.

Mchango uendelee, nitakuwa napita.

---

mgeni_wa_lenzi

Naweka kambi hapa.

---

Shata125

Mleta mada umeandika vizuri ila umeruka jambo kubwa. Kwa hela ileile, flashi inaizidi taa yako mbali. Tupige hesabu. Taa ya LED ya wati 60, shata ikifunguka kwa 1/125, imetumia karibu nusu joule ya umeme. Flashi ndogo ya kuweka juu ya kamera inamwaga joule kama 60 kwa mlipuko mmoja. Ni mara 120. Hata ukiiongezea LED maksi kwa kuwa haipotezi umeme kama flashi, pengo linabaki stopu tano au sita (kila stopu ni mwanga mara mbili). Na mlipuko ni mfupi, mtoto anayeruka anaganda hewani.

Kwa nini umpeleke anayeanza kwenye njia ya gharama?

---

Kivuli_Laini

@Shata125 hesabu yako sina ubishi nayo. Anayepiga picha nje jua likiwa kali, au watoto wasiotulia, au kundi la watu kumi kwa f/8, asome komenti yako na uzi huu aufunge.

Ila anayejifunza picha za sura ana tatizo jingine: haoni mwanga. Akiwa na flashi anapiga, anatazama kioo cha kamera, anabahatisha, anahamisha, anapiga tena. Taa ikiwaka muda wote anaona kivuli cha pua kikitambaa kwenda mdomoni wakati anaipandisha taa. Anaona sekunde ileile jicho la upande wa pili linapoingia gizani. Jioni moja ya namna hiyo inamfundisha mengi. Halafu taa hiyohiyo inapiga na video.

Kuna na la macho. Mboni hubana kwenye mwanga, kwa hiyo chini ya taa inayowaka rangi ya jicho inaonekana zaidi kuliko kwenye flashi iliyopigwa katika chumba chenye giza. Mwenye macho ya kahawia isiyoiva sana utaipenda picha yake. Gharama yake ni kwamba taa kali karibu na uso inafanya mtu akunje macho. Usimuwashie ghafla kwenye asilimia 100. Anza chini, mpe dakika azoee.

---

Mama Potreti

Hapo kwenye kuona kivuli nakazia. Mimi wateja wangu ni watu wasiopenda kupigwa picha, na mlipuko wa flashi unawafanya wafumbe macho kabla hata sijabonyeza. Taa ikiwaka, dakika kumi baadaye wameshaisahau.

Naomba niulize kwa niaba ya wengi: zile seti zenye softiboksi mbili na balbu kubwa za kujisokota vipi? Boksi limeandikwa "wati 85 sawa na wati 400 na kitu".

---

Kivuli_Laini

@Mama Potreti dada, lile "sawa na" ndilo la kuliangalia kwa jicho la pembeni. Wanalinganisha na balbu za zamani za waya, na ulinganisho wenyewe kila kiwanda kina wake. Wati halisi ni ile ndogo.

Balbu za kujisokota ni za fluoresenti. Zinawaka kwa mapande ya rangi, kijani ikijitokeza na wekundu ukiwa na mapengo. Zinachelewa kufika mwanga wake kamili, zina zebaki ndani hivyo ikipasuka fungua madirisha na usizoe kwa mkono mtupu, na nyingi hazikubali dima (kifaa cha kupunguza mwanga). Seti hizo naziona hivi: softiboksi na stendi vinafaa, balbu ndizo mzigo. Kama tayari unayo, soketi zake kwa kawaida ni E27, chomoa balbu hizo uweke za LED za E27 zenye CRI 95. Umeshaboresha seti bila kununua seti. Ila kama hujanunua bado, usianzie huko.

---

BetriMbili

Na halojeni zile za wajenzi? Wati 500, bei ya kutupa, na nasikia CRI yake inakaribia 100.

---

Shata125

Rangi kweli safi, taa yoyote inayowaka kwa waya wa moto ina hiyo sifa. Lakini karibu umeme wote unageuka joto. Katika chumba kidogo mtu anatoka jasho, kipodozi kinayeyuka, na wewe unakosa hamu ya kazi. Usithubutu kuiweka ndani ya softiboksi ya kitambaa ambayo haikutengenezwa kuhimili joto, wala karibu na pazia. Na ukibadili balbu usiishike kioo kwa vidole vitupu: mafuta ya ngozi yanaacha doa linalopata moto kuliko sehemu nyingine, na balbu inakufa mapema au inapasuka.

Ukiipigisha ukutani ukiwa mbali nayo, kwa majaribio, sawa. Kama taa ya kudumu, mimi hapana.

---

mgeni_wa_lenzi

Wakuu mimi nina ringi laiti (taa ya duara) ya kurekodia video za simu. Haitoshi kuanzia?

---

Mama Potreti

Kuanzia inatosha, ila usipige kupitia katikati ya tundu lake. Ukifanya hivyo uso unakuwa bapa, pua haina umbo, na machoni kunakuwa na duara mbili zinazompigia kelele kila anayetazama. Itoe, iweke pembeni nyuzi 45, juu kidogo ya macho, weka kitambaa cheupe chembamba mbele yake. Upande wa pili weka ubao mweupe wa foma. Utashangaa.

Mwenye miwani ndiye mtihani. Pandisha taa juu zaidi, mwambie ashushe kidevu kidogo, na mikono ya miwani inyanyuke sentimita moja juu ya sikio. Kioo kinainama, duara linatoroka.

---

Kivuli_Laini

Ubao wa foma aliousema dada ndio "taa ya pili" ninayoipigia debe. Watu wananunua taa ya pili kabla ya kujua kazi ya ya kwanza. Ubao mweupe upande wa kivuli unajaza, ukiusogeza karibu unajaza zaidi, hauli umeme, na rangi yake haiwezi kugombana na taa kuu kwa sababu mwanga ni uleule. Ugeuze upande mweusi, au tundika kitambaa cheusi, kivuli kinakolea na uso unaonekana mwembamba. Hii ya kitambaa cheusi watu hawaijaribu kabisa, na ndiyo inayofaa katika vyumba vidogo vyenye kuta nyeupe ambako mwanga unarudi kutoka kila upande.

---

BetriMbili

Mimi nishaamua LED. Sasa paneli au hizi zenye jicho moja kubwa katikati?

---

Kivuli_Laini

Zenye jicho moja (COB), kama utapiga picha za sura zaidi ya kitu kingine. Sababu yake ni mdomo wa mbele. Nyingi zinatumia mkao wa Bowens, ule wa meno matatu. Kampuni ya Bowens ya Uingereza ilifunga mwaka 2017 lakini mkao wake umebaki kuwa lugha ya wote, softiboksi na vifaa vya viwanda tofauti vinaingia. Godox SL60W na Amaran 100d ni mifano ya taa za namna hiyo. Baadhi ya taa ndogo zina mkao wao wenyewe na zinahitaji adapta, uliza kabla ya kulipa.

Paneli ni nyepesi, hazina feni mara nyingi, na nyingi zinakubali betri za NP-F (zile za kamera za video za Sony). Piga hesabu ya betri kwa Wh (wati mara saa): NP-F970 ya kweli ina karibu Wh 47, kwa hiyo paneli ya wati 30 kwenye mwanga kamili unapata saa moja na nusu. Tatizo ni kwamba paneli yenyewe ni ndogo, bado unahitaji kitambaa kikubwa mbele yake.

Tahadhari ya paneli za rangi mbili: katika nyingi za bei ya chini nusu ya vijitaa ni vya njano na nusu vya nyeupe. Ukiweka 5600K nusu yake imelala. Nguvu iliyoandikwa kwenye boksi unaipata katikati tu, zote zikiwaka. Kama hupigi picha ukichanganya na balbu za nyumbani, chukua ya rangi moja ya mchana, unapata mwanga zaidi kwa hela ileile.

---

Zungusha_Dima

Mimi taa yangu ikiwa asilimia 100 picha safi, nikishusha hadi 20 naona mistari myeusi ya kulala kwenye picha. Kamera mbovu au taa?

---

Shata125

Taa. Dima ya bei rahisi inapunguza mwanga kwa kuzima na kuwasha haraka mno, jicho halioni. Sensa inasoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo mistari mingine inakuta taa imezima. Shata ya kielektroniki, ile isiyo na sauti, ndiyo inayoumbua zaidi. Weka ya mitambo na ushuke spidi. Au acha taa kwenye asilimia 100 na uirudishe nyuma, au ongeza kitambaa.

Kuna na ugonjwa wa pili unaofanana: taa inayopepesa kufuata umeme wa ukutani. Umeme wa 50 Hz unapepesa mara 100 kwa sekunde, tumia 1/50 au 1/100. Wa 60 Hz tumia 1/60 au 1/125.

Kabla ya kununua, ishushe taa hadi chini kabisa, elekeza ukuta mweupe, piga picha ya simu kwa slo-mosheni. Mistari au mapigo yakionekana, iache hapo hapo dukani.

---

mgeni_wa_lenzi

Nimeelewa karibu yote. La mwisho: ukuta wangu wa nyuma ni mweupe, nataka uwe mweusi kama picha za studio. Ninunue kitambaa?

---

Kivuli_Laini

Jaribu nafasi kwanza. Taa iwe mita 1 kutoka usoni, ukuta uwe mita 3 kutoka kwenye taa. Ukuta unapata sehemu moja ya tisa ya mwanga wa usoni, yaani stopu tatu chini. Mweupe unageuka kijivu cha giza. Kwa softiboksi kubwa iliyo karibu haitakuwa tisa kamili, na mwanga unaodunda kwenye dari utaongeza kidogo, lakini tofauti utaiona. Geuza softiboksi pembeni ili ukingo wake tu ndio umguse mtu na usiangalie ukuta, giza linaongezeka. Nafasi ikiwa hairuhusu mita 3, hapo ndipo kitambaa cheusi kinapohitajika.

Na stendi: softiboksi ya 90 inavuta mbele. Mguu mmoja wa stendi uelekee upande ule taa inakoinamia, na mfuko wa mchanga ukae kwenye mguu wa nyuma yake. Wanaoruka hatua hii ndio wanaouza "taa iliyotumika kidogo, kioo kina ufa".

---

Zungusha_Dima

Nimejaribu shata ya mitambo, 1/100, asilimia 20. Mistari imepungua, haijaisha. Naenda kuishonea kitambaa cha pili.